Mtu wa Kushika Kaunta

Dada yangu Elina, mtoto wa mama mkubwa, anauza vyombo katika duka la Bwana Mansuri pale Bulyaga, mjini Tukuyu. Sufuria, beseni, chupa za chai, sahani za harusi. Haya mengi nimeyapata kwake, mengine kwa Rahima anayeuza naye. La mwisho nililiona mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile ya kwetu isiyo na haraka, na Rahima alikuwa anapanga ndoo kwa ukubwa. Simu ikaita kutoka Igogwe. Mama mkubwa Sekela alikuwa ameteleza akitoka kuteka maji, nyonga imevunjika, amekwishafikishwa hospitali ya misheni hukohuko.

Elina ni mtoto pekee, na baba yake alishafariki. Kila mtu wa huku anajua kwamba hospitali inatoa dawa na kitanda, lakini uji, maji ya kuoga na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu. Mimi nilikuwa chuoni Mbeya, katikati ya mitihani. Hakukuwa na mwingine.

Alichana karatasi kwenye daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa shule: Yah, ombi la likizo bila malipo, siku tisa. Bwana Mansuri alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akampa pole kwa moyo wote. Akasema hana neno. Siku achukue, mshahara wa siku hizo ausahau, ila sheria ya duka anaijua.

Sheria yenyewe ni hii: anayeomba siku huleta mtu wa kushika kaunta. Mwaka juzi mfanyakazi mmoja aliomba wiki moja na hadi leo hajaonekana. Sasa Idi ilikuwa wiki mbili mbele, na harusi zimepangana. Kaunta ikikutwa tupu Jumatano asubuhi, Bwana Mansuri angemwajiri mwingine, moja kwa moja. Na kazi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha mama.

"Nitamtoa wapi, bosi?" Elina aliuliza.

"Yeyote, binti yangu. Hata bubu. Mradi asimame pale watu wamwone."

Rahima akadakia kwamba kwa masharti hayo hata yeye angeweza kuleta ufagio aufunge kilemba. Wakacheka wote watatu.

Elina alitafuta siku mbili. Binti wa jirani alikuwa amepata kibarua cha kuchuma chai. Rafiki yake wa kwaya alikubali, kisha akazima simu. Jumanne saa kumi jioni alikuwa bado hana mtu, na kutoka Igogwe walikuwa wamepiga mara tatu kusema mama anamwita.

Ndipo akaingia bibi mmoja kutoka kwenye ukungu. Khanga mbili, miguu mitupu, hana mwavuli. Elina hakuwahi kumwona. Baadaye alikumbuka kwamba khanga zake zilikuwa kavu.

"Ugonile, mwanangu," bibi alisalimia. Akapapasa sufuria moja, akairudisha. Akauliza mbona macho mekundu. Elina, aliyekuwa amechoka kubeba lile jambo peke yake, akamweleza lote.

Bibi akataka kujua mtu huyo anatakiwa kujua nini. Elina akajibu kwamba ni kusimama tu, kukaribisha wateja, bei zimebandikwa.

"Kusimama anaweza," bibi alisema. "Ninaye. Nipe aproni yako aje nayo."

Kwetu mtoto mdogo anajua: nguo uliyotolea jasho humpi mtu usiyemjua. Elina alijua. Aliniambia alijua, na kwamba mikono yake ilisita kwenye fundo. Lakini simu iliita tena, ya Igogwe. Akaifungua aproni. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akasema ndaga, yaani asante, akatoka.

Jumatano asubuhi Elina alikuwa kando ya kitanda cha mama yake. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza. Mchana akampigia Rahima kuuliza kama mtu wake alifika.

"Acha utani wewe," Rahima alimjibu. "Mtu gani, na umekuja mwenyewe? Umeingia stoo unanipigia simu?" Akakata.

Elina alidhani ni mzaha. Rahima ni mtu wa mizaha. Alhamisi akapiga tena, Rahima hakupokea. Ijumaa ikawa Rahima ndiye anapiga, tena kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Elina, nikuulize. Mbona siku hizi huli?"

Kabla hajajibu, alimsikia Rahima akivuta pumzi. Kisha, mbali kidogo na simu, ikasikika sauti nyingine ikisema karibu mteja. Elina aliitambua. Ilikuwa yake.

Jumamosi alimwomba mwanamke aliyekuwa anamuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili amwangalizie, akapanda gari kwenda Tukuyu. Ilikuwa saa nne. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Hakuingia dukani. Alisimama ng'ambo, kwenye baraza la fundi cherehani, akatazama.

Alijiona.

Amesimama nyuma ya kaunta. Aproni yake, kilemba chake cha bluu, bega lake la kushoto lililoinama kidogo. Anafunga sufuria kwenye gazeti. Mteja anaongea, yeye anaitikia kwa kichwa. Bwana Mansuri anampita kwa nyuma bila kugeuka, kama unavyompita mtu uliyemzoea. Mikono inafunga, inakunja, inafunga. Haikosei.

Jicho halipepesi.

Kisha yule akainua uso. Akatazama moja kwa moja ng'ambo ya barabara. Hakukasirika. Aliinua mkono, akaupunga polepole kwa nje, kama tunavyomwambia mtu: nenda tu, hapa nipo.

Elina alirudi Igogwe. Alinipigia jioni ile, akanieleza kwa kunong'ona ili mama asisikie. Sikumcheka. Nilimwambia Jumatatu asubuhi namaliza mtihani wa mwisho, saa nane nitakuwa kwa mama, na yeye aende akaikatishe hiyo likizo. Siku zilizobaki azirudishe. Arudi kwenye kaunta yake.

Jumatatu aliingia dukani kwa mlango wa mbele. Rahima alikuwa anahesabu vifuniko, akasema bila kutazama, "Umetoka saa ngapi huko stoo? Na beseni liko wapi?"

Elina alimpita. Akaenda stoo.

Stoo ile haina mlango mwingine. Haina dirisha. Beseni lilikuwa chini. Na kwenye rafu, umeegemezwa wima, ulikuwepo mgomba. Shina tupu, limekatwa juu na chini, kimo chake hadi begani mwa Elina. Limevishwa aproni. Kamba zimefungwa nyuma kwa fundo analofunga yeye. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mkato, yakifanya kidimbwi sakafuni, na kidimbwi kilikuwa bado kinakua.

Rahima alikuja nyuma yake. Aliona. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hawakumwambia bosi. Walilibeba uani, wakalikatakata kwa panga, wakavitupa vipande kwenye mtaro na mvua ikavichukua. Elina akavaa aproni mpya, akasimama kaunta hadi jioni. Bwana Mansuri alipita, akamtazama, akasema leo amechangamka, siku zote hizi alikuwa amepoa.

Sasa upande wangu. Gari nililopanda liliharibika kabla ya Kiwira, na badala ya saa nane nilifika saa kumi na moja. Nilikimbia korido nikijua mgonjwa ameshinda na njaa, hajaogeshwa, hajageuzwa.

Nilimkuta amelala ubavu, shuka limenyooshwa, uso unang'aa mafuta. Bakuli la uji lilikuwa tupu.

"Dada yako ametoka sasa hivi," mama mkubwa alisema. "Kasema umefika, anaweza kwenda."

Nilimpigia Elina palepale. Alikuwa dukani. Nyuma yake nilimsikia Rahima akibishana na mteja bei ya chupa. Nilimweleza. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa shuka, na ndipo nilipoona alama za vidole, vitano hapa, vitano pale. Alama za hudhurungi, kama utomvu ukikaukia nguoni. Wauguzi walilifua shuka lile mara mbili. Alama hazikutoka.

Miezi saba imepita. Mama mkubwa ameruhusiwa, yuko kwake, anatembea kwa fimbo. Elina hajaomba siku hata moja. Bwana Mansuri mwenyewe humsihi apumzike, hakubali. Huenda kijijini Jumapili tu, duka likiwa limefungwa, na akiondoka kwa mama yake haangalii nyuma.

Nilimshauri aache kazi, arudi nyumbani. Akanitazama.

"Nikienda kwa mama, atarudi dukani. Nikibaki dukani, yuko kwa mama. Wewe unaona bora awe wapi?"

Nikajiambia huenda dada yangu amechoka tu, huenda hofu ndiyo inasema. Ndiyo maana Alhamisi iliyopita nilipanda gari bila kumwambia mtu.

Kabla sijaingia kwa mama mkubwa nilipiga simu dukani, Rahima akaniambia Elina yupo, anahudumia watu. Saa tano kasoro. Jua lilikuwa limetoka. Mama mkubwa alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, amenenepa. Pembeni yake kulikuwa na kigoda kingine. Nilikaa juu yake. Kilikuwa kimelowa.

Nywele zake zilikuwa zimesukwa, mistari midogo iliyonyooka vizuri, kazi ya saa mbili kwa mtu mwenye subira. Nikamuuliza nani kamsuka.

"Elina, asubuhi hii hii," alisema, akajishika kichwa kwa fahari. "Siku hizi mikono yake ni ya baridi. Lakini ni mpole sasa. Mpole kuliko zamani."

Niliinama nitazame. Nywele zilikuwa zimefungwa kila ncha, fundo kwa fundo, bila uzi wa dukani. Zilifungwa kwa nyuzi za mgomba, za kijani, zilizochanwa siku ileile, na kutoka kwenye kila fundo maji yalikuwa bado yanadondoka.