Watatu, Kila Mmoja kwa Jina Lake

Kila asubuhi Rasmiya na mumewe waligombania sukari ya chai.

"Abu Dirgham, umeimaliza tena!"

"Sukari nimemaliza, ila ukali wako hauishi," mume alijibu, akacheka, akaenda zake kibandani.

Alikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa, hapo katika kambi ya wakimbizi ya Deir al-Balah. Wote walimwita Abu Dirgham, yaani Baba Dirgham, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kumwita mzee kwa jina lake kavukavu ni kumkosea adabu.

Siku moja kombora lilipiga kibanda. Alikufa fundi, na wateja wawili, mama na bintiye, waliokuja kuchukua jiko lao.

Matanga hayajaisha, Nayef, shemeji yake Rasmiya, akaja na simu mkononi. "Shemeji, hebu sikia wanachosema."

Kituo kimoja cha nje kilitangaza: "Mpiganaji mwenye jina la vitani Abu Dirgham ameuawa pamoja na wenzake kumi."

"Mpiganaji!" Rasmiya alipiga kelele. "Mtu aliyekuwa akiogopa paka? Na hao kumi kawatoa nani?"

Nayef aliinamisha kichwa. "Mimi. Walinipigia simu. Nilidhani wakisikia watatu hawatajali."

"Jina lake je?"

"Si niliwaambia, Abu Dirgham! Nani hamjui?"

"Sisi tunamjua, wewe! Huko nje anajulikana na nani? Wakisikia 'Abu' wanadhani ni jina la vitani!"

Rasmiya alilia kwa uchungu. Kisha akafunga mtandio wake vizuri. "Hawatamzika mume wangu mara ya pili kwa uongo," alisema. Akamshika Nayef mkono, wakaenda kwenye hema la jirani yao Ilham, mwandishi wa habari.

Ilham aliwasikiliza mpaka mwisho. "Pole, dada yangu. Tuanze upya. Jina lake kamili, la baba yake, la babu yake, na la ukoo."

"Fawzi Salman Atiya Qudaih."

"Umri? Kazi? Kitambulisho kipo?"

Rasmiya alitoa kitambulisho kifuani. Ilham akakipiga picha.

"Uliona ndege iliyopiga?"

"Niliona! Yaani... nilisikia mlio."

"Basi sema ulisikia. Ulichoona, sema umeona. Ulichoambiwa, mtaje aliyekuambia. Usichojua, sema hujui."

Nayef akadakia, "Lakini watatu ni wachache, bibie! Dunia itasikia kweli?"

"Watatu ni wachache kwa nani?" Ilham alimtazama. "Ukiongeza mmoja asiyekuwepo, watawatilia shaka hata waliokuwepo. Umewapa wanaokanusha habari zetu fimbo ya kutuchapia."

Nayef alivaa viatu vyake. Akasema, "Yule mama na bintiye, nitakwenda mwenyewe kwa jamaa zao kuuliza majina."

Alikwenda, akarudi nayo. Ilham alimhoji pia muuza mboga wa jirani na kibanda, ili ushahidi usiwe wa ndugu peke yao. Kisha wakakiandikia kituo. Hawakujibiwa. Rasmiya akasema, "Andika tena." Wakaandika tena na tena.

Mwishowe kituo kilisoma marekebisho: "Tulikosea. Waliouawa ni watatu, wote raia. Fawzi Salman Atiya Qudaih, fundi wa majiko. Sabha Mahmoud Odeh, wa ukoo wa Abu Mghasib, na binti yake, Lamis." Kituo kikaomba radhi.

Rasmiya alilia tena, lakini safari hii alikaa wima.

Tangu hapo waliofiwa walimfuata, naye aliwasaidia kupanga maneno kabla ya kumwita Ilham. Siku moja alikuja mama kijana, macho yamekauka.

"Karibu, mwanangu. Jina la marehemu?"

"Ni mtoto wangu. Alizaliwa juzi. Hatukuwahi kumpa jina." Akamshika Rasmiya mkono. "Niseme lolote tu, mama? Nibuni moja?"

Rasmiya alimkumbatia kwanza. Kisha akasema, "Usibuni. Tutasema hivyo hivyo. Mtoto wako, wa juzi, hakuwahi kupewa jina. Sasa niambie la kwako, na la baba yake."