Mwali wa Mara ya Pili

Kwa mama mdogo Efrazia, Jumamosi ilikuwa siku ya kinu. Asubuhi atafua, atapiga pasi ya mkaa mashati ya mumewe, atasahihisha madaftari ya darasa la tano. Jua likishapanda atakitoa kinu nyuma ya nyumba, pale Tangini, Kibaha, na kuanza kutwanga. Na akitwanga, anasimulia. Hakuwa mtu wa kukaa mezani na kukodolea karatasi macho. Hadithi aliisimulia kwanza kwa sauti, mchi ukipanda na kushuka, na neno lililokataa kwenda na mchi alilipeperusha pamoja na pumba. Jioni ndipo huandika, moja kwa moja, kama mtu anayenakili. Jumatatu karatasi zinapanda basi kwenda kwenye gazeti moja la Dar es Salaam, na gazeti likitoka nusu ya Kibaha inamsoma.

"Mwalimu anaongea na kinu tena!" majirani walicheka.

"Kinu kinanijibu," naye akawarudishia. "Nyie waume zenu wanawajibu?"

Hakuwahi kukosa toleo. Kisha ukaja mwaka wa Operesheni Vijiji, mwaka wa njaa na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Unga ulikuja umeshasagwa. Kinu kikakaa bure, kuku wakatagia humo. Na Efrazia akakauka.

Alimwacha Zubeda, mwanamke wa hadithi yake, katikati ya mto Ruvu, maji yamefika kifuani, na hakujua amtoe vipi. Alikaa mezani. Alichonga penseli. Aliandika "Zubeda" akafuta, akaandika tena. Mhariri wake, Laurean, akapiga simu shuleni: "Dada, watu wananisimamisha njiani. Wanauliza yule mama amezama au hajazama?"

Hebu fikirini. Mtu aliyezoea kutunga huku anatwanga amenyimwa cha kutwanga. Dawa yake ilikuwa kibaba cha mpunga. Lakini nani angeuliza? Mwanamke akikwama, watu hawaulizi amekwamia wapi. Wanamwambia amechoka.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mumewe, Melkiori, afisa utamaduni, mwenyeji wa Marui huko Kisarawe. Zamani, akiwa mwanafunzi, Melkiori alitunga mchezo mmoja wa kuigiza. Mmoja tu. Hakuna mgeni aliyeketi kwenye kochi la nyumba ile asisimuliwe habari za mchezo ule.

"Umechoka, mke wangu," alisema kwa upole. "Pumzika. Nenda kwa mama Marui, ukae ndani tu, usiguse kitu."

Sikilizeni upole huo. Hakumwambia apumzike kufua mashati yake. Hakumwambia apumzike shamba la shule, wala gwaride la mgambo, wala kuchota maji. Katika kazi zote alizobebeshwa, aliambiwa aitue ile moja aliyojitwika mwenyewe. Na Efrazia, kwa kuwa alikuwa amechoka kweli, aliona anapendwa. Akapanda Landrova ya idara, shule ilipofungwa, akaenda.

Mama mkwe, Bi Yosefina, alikuwa mjane wa mzee wa kanisa, mwanamke mfupi, safi, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwali wangu."

Efrazia alicheka. Mwali! Mtu mzima na miaka yake ya ndoa! Lakini chumba kilikuwa tayari. Kuta za udongo, mkeka mpya, dirisha limezibwa kwa makuti. Na juu ya mkeka, mahali pa mto, amelazwa mwana hiti: kile kinyago kidogo cha mti ambacho Wazaramo humpa msichana aliyewekwa ndani, akikogeshe na kukipaka mafuta kama mtoto. Hakina mikono. Hakina miguu. Kichwani kina mafungu mawili ya nywele, na chini ya nywele, pale pa uso, hakina kitu.

"Mama, mimi nilishakaa ndani. Mlinikalisha hapa hapa nilipoolewa."

"Nakumbuka. Lakini huku kwetu kupumzika ndiko huku, mwanangu. Mwali hashiki jembe. Hasemi na mtu. Haoni jua. Wewe unajua mapumziko yanayozidi hayo?"

Efrazia alitia rozari yake chini ya mkeka, akalala.

Alitolewa nje alfajiri tu, kabla ya jua, kwenda kuoga. Huko ndiko alikosikia sauti ya Mwamvita, jirani, nyuma ya ua wa makuti. Efrazia alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Hawasalimiani bila kutukanana.

"We Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe mpaka pwani. Wewe umekuja kubeba nini?"

"Nimekuja kuwalimia mashamba nyie wacheza ngoma. Magugu yenu yanaonekana toka Tabora."

Mwamvita alicheka mpaka akakohoa. Kisha akashusha sauti. "Mtani. Mwanamke hawekwi ndani mara mbili. Mara ya kwanza anaingia mtoto, anatoka mtu mzima. Mara ya pili anaingia mtu mzima. Haya, niambie, anatoka nini?"

"Anatoka Mzaramo!"

Wakacheka wote. Efrazia alirudi chumbani akiwa bado anacheka. Mtani hata akikuambia nyumba yako inaungua, unamwambia aje aote moto. Hakutambua, mpaka baadaye sana, kwamba Mwamvita alikuwa ameacha kucheka mapema.

Usingizi ulimjia kila siku mchana, jua likifika utosini. Haukuja kama usingizi wa watu. Ulikuja kama kifuniko. Akiamka, koo limekauka. Taya zinauma. Ulimi mzito, kama wa mtu aliyehutubia mkutano kutwa nzima.

"Nimeota nikisema, mama?"

"Ulilala kimya kama maji ya mtungini," alijibu Bi Yosefina, akimpaka mwana hiti mafuta ya nazi kwa kidole gumba, taratibu, pale pasipo na uso.

Likizo ikasogea. Efrazia akanenepa. Ngozi ikang'aa. Na siku moja, akiwa na kiu, aliomba maji.

"Naomba na ile… ile ya kunywea."

"Kikombe?"

"Ndiyo. Hiyo."

Alijaribu kulisema. Midomo ilifunguka, neno likateleza. Halikuwepo. Kesho yake lilipotea neno la kile anachojitandia kichwani. Kisha jina la mto, ule mto wa hadithi yake. Alikaa gizani akijihesabia vitu vya nyumbani kwake Tangini, kimoja baada ya kingine, kama mama anayeita watoto jioni. Alipofika kwenye kile kitu cha nyuma ya nyumba, kile cha mti chenye shimo, chenye mwenzake mrefu, aliita na kuita.

Hakikuitika.

Jioni hiyo redio ya ofisi ya kijiji ilifunguliwa kwa sauti kubwa, kama kawaida, ili wanaotoka shamba la ujamaa wasikie. Kulikuwa na hadithi. Efrazia alisikia kupitia makuti ya dirisha.

"…Zubeda akaifungua kanga yake, akaitupa kwenye mzizi ulioinama, akajivuta. Maana bibi yake alimwambia, mto haumpi mtu ruhusa, humpa upenyo…"

Efrazia aliketi wima.

Maneno yale yalikuwa ya bibi yake mwenyewe, marehemu, wa Tabora. Hakuwahi kumsimulia mtu. Hakuwahi kuyaandika. Na mzizi ule ulioinama aliuona sasa hivi, akautambua, kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

Mtangazaji akamaliza kwa furaha: mtunzi ni ndugu Melkiori, afisa utamaduni, mtunzi chipukizi wa Kibaha, anayeiendeleza hadithi ya Zubeda baada ya mkewe kuchoka.

"Umesikia?" Bi Yosefina alichungulia mlangoni. Macho yake yalikuwa na machozi, machozi ya kweli, ya mama. "Mwanangu ana kipaji. Alikawia tu. Lala, mwali."

Kesho yake mchana, Efrazia aliishika rozari kiganjani, akaubana msalaba mpaka ncha zikamwingia kwenye nyama. Kifuniko kilipokuja, maumivu yakakishikilia juu kidogo. Upenyo tu. Akafumba macho, akapumua kama aliyelala.

Nje, jua la utosi. Kuku walinyamaza. Hata nzi.

Mlango ulisukumwa. Nyayo laini. Harufu ya mafuta ya nazi. Kinyago kiliinuliwa kutoka mkekani, kikawekwa karibu na shavu lake. Ubaridi.

Halafu mtu akaanza kusimulia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzuri, ya kujiamini, yenye mdundo wa mchi ndani yake. Zubeda amefika ng'ambo. Zubeda anaiona nyumba. Mvua inaanza. Efrazia aliijua sauti ile. Ilikuwa yake. Akataka kufumba mdomo.

Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Nyuma ya ukuta, karibu kabisa na kichwa chake, kitu kilikuwa kinakwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru. Kalamu juu ya karatasi. Kisha mnong'ono wa mwanamume, wa mtu mwenye haraka.

"Polepole, mama. Anakwenda mbio. Hapo pa mvua sijapapata."

Bi Yosefina aliinama. Kidole gumba kikazunguka pale pasipo na uso.

"Rudia, mwali."

Na sauti ikarudia. Kwa utiifu. Neno kwa neno.

"Mvua ikaanza. Zubeda akafungua mlango, akaona…"

Efrazia alipiga mkono. Kinyago kikaruka, kikagonga ukuta. Sauti ikakatika hapo hapo. Hakusubiri. Alimpita mama mkwe, akatoka katika jua ambalo hakuliona siku nyingi, akazunguka nyumba huku macho yanamchoma.

Melkiori alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umepinda, sikio limebanwa ukutani. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooka. Ni Efrazia aliyelipiga pasi kabla ya kuondoka Tangini. Hakushtuka. Hakuinuka. Aliinua kiganja tu, kama anayemwambia mtoto asipige kelele.

"Ilikuwa inaozea humo kichwani, Efrazia," alinong'ona. "Hukuwa unaitumia. Ardhi isiyolimwa hupewa anayeweza kuilima. Si ndiyo siasa yetu?"

Jibu alikuwa nalo. Naapa alikuwa nalo. Mwanamke aliyewashinda midahalo wanaume wa chuo cha ualimu, akose jibu la upuuzi kama ule? Angemwuliza nani aliyeikausha ardhi hiyo. Angemwuliza tangu lini Ujamaa ukawa mmoja alime na mwingine avune. Aliliona jibu lake lote, kama samaki chini ya maji maangavu. Akafungua mdomo.

Maji yakabaki maji.

Alitembea kwa miguu mpaka barabarani. Lori la korosho lilimchukua, akarudi Tangini.

Mwaka ule Melkiori alipewa cheti, na picha yake ikatoka gazetini. Lakini hadithi yake ilikomea pale mlangoni, na hakuimalizia kamwe. Walioishi naye baadaye walisema alikuwa na tabia moja: ikifika mchana, popote alipo, ofisini, kanisani, kilabuni, alisogea ukutani na kuegemeza sikio. Alifariki mwaka askari waliporudi kutoka vita vya Uganda. Kwenye maziko, msemaji wa idara alilia kwa kupoteza kalamu ya taifa. Akakumbuka na mjane. "Mama huyu naye," alisema, "aliwahi kuandika-andika kidogo, kabla hajachoka."

Mama mdogo alitikisa kichwa, akakubali.

Sisi watoto wa dada zake ndio tuliolelewa naye pale Tangini. Chakula kiliporudi madukani tulimnunulia mpunga, tukamfukuzia kuku, tukakipangusa kinu chake. Anatwanga mpaka leo. Anatwanga kimya. Laurean, mhariri, alikuja mara moja, akakaa kwenye kochi lile, akamwuliza, "Dada, Zubeda aliona nini?" Mama mdogo akamtazama kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa habari za ukoo usio wake.

"Zubeda wa nani, baba?"

Lakini siku nyingine, jua likiwa utosini, kuku hunyamaza. Na ukutani, chumbani kwake ambako hamna mtu, mwanamke huanza kusimulia. Mto. Kanga. Mzizi ulioinama. Mama mdogo husimamisha mchi hewani, akasikiliza, uso ukamlainika.

"Nani huyo," hutuuliza kwa sauti ya chini, "anayejua kusimulia hivyo?"

"Ni wewe, mama."

Hucheka. "Mimi? Mimi nilikuwa mwalimu tu."

Sauti hufika pale mlangoni, pa mvua, hapo hapo, ikakatika.

Na kwa upande wa nje wa ukuta ule, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi kwenye kigoda, pana alama ya sikio. Tumeipiga chokaa. Tumeikwangua kwa panga, tukasiriba simenti mpya. Hurudi. Juzi niliigusa baada ya sauti kukatika.

Ilikuwa na jasho.