Alimlilia Solange Wangu Ili Aajiriwe

Nina umri wa miaka sitini na sita. Ni mjane, ni mtu wa kanisa tangu utoto, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa pumzi aliyonipa. Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili msidhani naandika kwa sababu sijui kusamehe. Nimesamehe. Lakini kinyaa hakijanitoka…

Sisi ni wakulima wa milima ya Masisi. Tumezoea baridi, maharagwe na maziwa. Vita vilipofika kwenye kilima chetu, tulikimbia kwa miguu kuelekea Walikale, tukashuka hadi kwenye msitu na joto lake. Nilikuwa na binti yangu mdogo, Solange, mtoto wa miaka minane. Homa ilimshika njiani. Dawa ningeitoa wapi?

Alifia mgongoni mwangu, na sikujua. Niliendelea kutembea nikimwimbia, nikidhani amelala. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyenishika bega na kuniambia nimshushe…

Nilimfunga kwa kikwembe, kitenge changu cha kwaya, nikamzika peke yangu kando ya barabara, mahali ambapo kijito kinakatiza chini ya ukingo wa udongo mwekundu. Niliokota mawe meupe kijitoni nikayapanga juu yake. Kisha nikaendelea na safari, kwa sababu risasi zilikuwa bado zinasikika nyuma yetu.

Kambini Walikale nilikutana na Georgette. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwanamke mwenye maneno matamu, aliyekuwa akiuza vitenge kule Hombo hadi duka lake lilipoporwa. Mume wake alikuwa ametoweka. Alikuwa na watoto wanne, na wote, namshukuru Mungu, walikuwa wazima. Tulipika kwenye jiko moja. Aliniita Mama, nami nikamwita binti yangu.

Kanisani kwetu, chini ya turubai, akina mama walikuwa na desturi ya kutoa ushuhuda kila juma. Siku moja nilisimama nikaeleza jinsi Mungu alivyonipa nguvu ya kumzika Solange kwa mikono yangu mwenyewe. Georgette alilia kuliko wote. Baadaye, tukichambua sombe, majani ya muhogo, aliniuliza tena na tena. Nilikuwa nikimwimbia wimbo gani? Kikwembe kilikuwa cha rangi gani? Nilidhani ni upendo. Nani hupata mtu wa kumuuliza habari za mtoto wake aliyekufa?

Ndipo shirika moja la misaada likatangaza kazi. Lilitaka mama mmoja wa kutunza watoto waliodhoofika kwa njaa katika kituo cha lishe. Kambi nzima ilichangamka! Nami niliitamani kazi ile kuliko neno ninaloweza kuandika hapa. Sikuweza kumwokoa wangu. Nilitaka kuwashika wa wengine.

Habari zilienea kwamba wahojaji kutoka Goma wanapenda kusikia mateso. Asubuhi ya siku yenyewe nilimsuka Georgette nywele, kwa kuwa naye alikuwa ameomba kazi hiyohiyo. Hatukuoneana wivu. Alinitania: “Mama, ukiingia mule usiikale kama mutu anangojea mazishi. Cheka kidogo. Wazungu wanapenda mutu mwenye kucheka na kulia pamoja.” Tulicheka. Nikaweka mikono juu ya kichwa chake nikamwombea.

Mahojiano yalifanyika katika darasa la mbao. Sisi tuliosubiri tulikaa kwenye benchi nje, na mbao za ukuta zilikuwa na nafasi kati yake. Georgette aliingia kabla yangu. Nikasikia sauti ya mwanamume ikimuuliza vita vilimfanyia nini.

Kisha nikasikia: “Mutoto wangu Solange alikufa ku mugongo yangu. Niliendelea kumuimbia, nikizani analala…”

Wasomaji, niwaeleze vipi? Alisema kila kitu. Wimbo, kikwembe, mawe meupe. Hata pale ninapopunguza sauti, naye alipunguza. Nilitema mate chini ya benchi. Ndani ya darasa mtu alikuwa akipenga kamasi kwa kulia.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika bega, akaniambia, “Ingia, Mama. Mungu iko pamoja na wewe.”

Mezani palikuwa na bwana mmoja mwenye tai na muuguzi mwanamke aliyekuwa bado anafuta macho. Waliniuliza swali lilelile. Nikaanza, “Nilimzika mtoto wangu njiani…” Yule bwana akainua mkono.

“Mama, mwenzako ametoka kutuambia hiyo sasa hivi. Musifundishane majibu.”

Ningefanya nini? Nimvute mtoto wangu miguu, naye Georgette amvute mikono, mbele ya meza ya watu wa Goma? Niliwaomba waniulize kuhusu kulisha watoto. Waliniuliza machache, nikajibu nilichojua. Yule bwana alisema wataniita. Hawakuniita. Georgette aliajiriwa, na nilisikia ikisemwa kambini kwamba hakuna aliyewagusa wahojaji kama yeye.

Alipopata mshahara wa kwanza aliniletea sabuni na sukari. Nilimuuliza kwa upole kwa nini alinitendea vile. Hakuona haya.

“Mama, sikuiba kitu yako. Ile iko maneno tu. Solange amekufa, hana lazima ya kitu tena. Wangu wanne wanalala njaa.”

“Ungeniomba,” nilimwambia.

“Ungekubali?” Akaweka sabuni chini. “Mungu alikupa historia kubwa, Mama, na haujui kuitumikisha.”

Kuitumikisha! Kana kwamba mtoto wangu alikuwa jembe. Sabuni ile sikuigusa. Iliyeyuka nje kwa mvua.

Nanyi msidhani iliishia hapo. Kila mgeni wa shirika alipofika, Georgette aliitwa asimulie, na alizidi kunoga. Mara Solange alisema maneno ya mwisho, mara aliomba maji. Mtoto wangu hakusema neno! Wafanyakazi wa kituo wakaanza kumwita Mama Solange. Siku moja niliposikia jina hilo likiitwa, nikageuka kuitika, kumbe anaitwa yeye…

Muda ukapita, na barabara ya kwenda Masisi ikafunguka kwa magari. Mkubwa wa shirika, mzungu mwenye ndevu na, kwa kweli, mwenye moyo mwema, alikuwa na safari ya huko. Alimwambia Georgette kwamba atamchukua wasimame kaburini, mama akamwombee mtoto wake.

Georgette alikuja kwangu mbio.

“Mama, uniokoe. Nimemuambia tutaenda na jirani, mwenye alikuwa pale siku ile. Njo wewe ule jirani. Tukifika, uniguse tu ku goti.”

Alikuwa amenichukulia kazi, machozi na jina. Sasa alikuja kuchukua kaburi. Na bado… ningefika vipi kwa Solange bila gari lile? Sikuwa na miguu ya kupanda tena njia ile. Niliomba juu ya jambo hilo, kisha nikakubali.

Tulikaa kiti cha nyuma, yeye na mimi, goti kwa goti. Msitu ulipoanza kupungua nilitambua mahali. Tulikuwa tumevuka vijito vingi, lakini changu kilikuwa pale. Ukingo mwekundu ulikuwa umeota majani, na chini yake niliyaona mawe yangu, mengine yamezama udongoni. Mkono wangu ulikuwa pajani, karibu kabisa na goti lake.

Sikuugusa.

Gari lilipita. Georgette alinifinya. Nilitazama mbele. Mkubwa aliuliza kama bado, na Georgette, jasho likimtoka, akapaza sauti: “Apa! Apa njo fasi yenyewe!”

Mahali hapo hapakuwa na kitu. Palikuwa na majani na mavi ya ng’ombe. Alishuka, akajitupa chini, akalia akiita jina la mtoto wangu. Mkubwa alivua kofia. Mimi nilisimama barabarani nikawapa mgongo, nikatazama tulikotoka, nikasali.

Dereva alinisogelea. “Mama, wanalia kule. Wewe unaangalia nini huku?”

“Ninasali, mwanangu,” nilimjibu. “Acha nimalize.”

Tukiwa njiani Georgette aliniuliza kwa kunong’ona, kaburi lilikuwa wapi. Nilimwambia, “Wewe ndiye uliyemzika. Utajua wewe.” Hatujasemezana tena hadi leo, ingawa jina lake nalitaja katika sala zangu.

Wasomaji wenzangu, najua njaa. Najua mtu anavyotaka kupendeza mbele ya meza ya wanaogawa kazi, na siwalaumu wanaovaa vizuri na kusema vizuri. Lakini ukiulizwa umepatwa na nini, sema chako, hata kama ni kidogo na hakimlizi mtu. Usiingie na maiti ya mwenzako mikononi. Nanyi mnaohoji watu wetu, waulizeni wanajua kufanya nini. Msiwapimie kazi kwa wingi wa wafu wao, maana mtatufundisha wote kuiba.

Kazi sikuipata, na nimezeeka bila hiyo, kwa neema ya Mungu. Lakini pale kijitoni hakuna mgeni aliyekanyaga. Solange wangu amelala, na wanaojua mahali ni mimi na Bwana wangu.