Kinyozi Aliyekwenda Maporomokoni Bila Kuaga

Ndugu zangu mlio na familia, na ninyi mnaojiandaa kuwa nazo, nipeni masikio yenu. Haya yalimpata kinyozi mmoja, mtu mcheshi na hodari wa kazi yake.

Asubuhi ile nyumba yake ilikuwa shwari. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa dirishani akishona sare za shule, na binti yao mdogo akiokota vipande vya kitambaa sakafuni amvishe mdoli wake. Kinyozi alikuwa akifunga kamba za raba zake nyeupe za kutokea, soli zimelika hadi zikawa laini.

"Leo si umefunga saluni, baba watoto?" mkewe aliuliza. "Unatoka?"

"Si unaniona."

"Nauliza tu nijue kama nikuwekee chakula."

"Kila siku maswali. Mimi mwanafunzi, niitwe majina?"

Mkewe akarudia kushona. Kinyozi akatoka.

Msimdhanie vibaya. Hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Ugonjwa wake ulikuwa huo mmoja: kuulizwa anakokwenda aliona ni kushushwa hadhi. Kijiweni walikuwa wameshaambizana kwamba mwanamume anayeaga nyumbani amekaliwa na mkewe. Hata alikuwa na mpango na rafiki yake, fundi viatu wa mlango wa pili. "Mke wangu akikupigia, saa yoyote, mwambie niko na wewe." Nao walicheka, wakaona ni utani wa wanaume.

Na siku hiyo hakuwa na la kuficha. Daktari alikuwa amemwambia presha imepanda, atembee. Mteja mmoja akamwonyesha kwenye simu picha ya maporomoko ya maji mlimani, naye akaipenda. Sentensi moja tu ingetosha kuyasema hayo.

Chini ya mlima mlinzi wa lango alimtazama raba zake. "Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Nyumbani wanajua uko huku?"

"Wanajua," akajibu bila kupepesa macho.

"Basi usiiache njia. Na kule kwenye maji, mawe yana utelezi."

Kinyozi hakuwa amewahi kupanda chochote kirefu kuliko ngazi za sokoni. Mapaja yalimwaka moto, maji ya chupa yakamwishia njiani, lakini alipousikia mngurumo alisahau yote. Maji yalishuka meupe kutoka juu, upepo ukimrushia manyunyu usoni. Akasimama akitabasamu peke yake. Akawaza kwamba siku nyingine atamleta binti yake aone.

Kisha akaiacha njia, akashuka kwenye mawe ya kijani ili ajaze chupa. Mguu wa kwanza ulishika. Wa pili haukushika. Alianguka kwenye mwanya kati ya miamba, mguu ukanasa humo, na aliusikia mfupa wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Simu ilikuwa imelowa, imezima. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini maji yalikuwa na sauti kubwa kuliko yake.

Jua lilipozama, baridi ikamwingia. Alijifariji kwa jambo moja tu. "Mke wangu hawezi kukaa kimya," alijiambia. "Atanitafuta."

Hakukosea. Jioni ile ile mkewe alimpigia, simu haipatikani. Akampigia fundi viatu.

"Shemeji, niko naye," yule bwana akajibu upesi, kama alivyozoea. "Simu yake imeisha chaji. Huenda akalala huku."

Asubuhi akapiga tena. "Ametoka sasa hivi, yuko njiani."

Saa zikapita, saluni haikufunguliwa. Hapo ndipo fundi viatu alipoingiwa na hofu. Akaenda nyumbani kwa kinyozi, akasimama mlangoni bila kuthubutu kuketi.

"Shemeji, nisamehe. Jana sikuwa naye."

"Na leo asubuhi?"

"Hata leo sikuwa naye."

"Sasa yuko wapi?"

"Sijui."

Mama wa watu alizunguka hospitali zote, na chumba cha maiti akaingia. Polisi wakamuuliza mumewe alisema anakwenda wapi. "Hakusema." "Hukumuuliza?" wakasema. Hapo ndipo alipoangua kilio, maana aliuliza. Jiji zima lilipekuliwa. Nani angewaza mlima?

Waliompata ni akina mama wakata nyasi, usiku wa pili ulipokwisha kupita juu yake. Alikuwa hai, lakini mguu ulikuwa umeoza. Ukakatwa juu ya goti. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba angefikishwa siku ya kwanza, mguu ungepona.

Kinyozi alipopata fahamu alimwona mkewe kando ya kitanda. "Mbona hamkuja?" akanong'ona.

"Nilipiga simu," mkewe akasema. "Nikaambiwa uko naye."

Kinyozi akageuza uso ukutani.

Mke alimuuguza kwa moyo. Alimwosha, akamfunga vidonda, akamshika mkono alipojifunza magongo. Siku alipoweza kujiendea mwenyewe hadi mlangoni, mkewe alifunga nguo zake na za mtoto.

"Baba watoto, naomba kuaga. Nakwenda kwa mama. Basi la asubuhi, tutafika alasiri."

"Utarudi lini?"

"Sijui," akasema kwa upole. "Nikijua nitakuambia."

FUNZO

Kuaga si kuomba ruhusa. Ni kuwaachia watu wako mahali pa kuanzia kukutafuta. Anayekuuliza unakwenda wapi hakupimi uanaume, anataka urudi. Nawe rafiki unayemfunika mwenzako kwa uongo, ujue kuna siku uongo huo utamzibia njia ya kuokolewa. Ukienda porini au mlimani usiende peke yako, vaa viatu vya kazi hiyo, fuata njia, na kabla hujatoka mlangoni, sema unakokwenda.