Wa Tano Garini

Siku hiyo garini walikuwa wanne: Fundi seremala, mkewe mshonaji, Bibi aliyemzaa Fundi, na Kidoti, binti yao wa miaka sita. Hakukuwa na wa tano.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo kuukuu. Fundi alihangaika nalo miaka miwili, akalitia vitanda, jiko na kabati. Mkewe akashona mapazia. Sasa walikuwa likizo, wakifuata barabara ya pwani na kulala walipopenda. Kwa kuogopa kumsahau Kidoti njiani, walijiwekea desturi. Kabla ya kuondoka Fundi huuliza, "Tupo?" na kila mmoja hujibu kwa kinywa chake, "Nipo." Anayeshuka husema, "Nashuka."

Adhuhuri ya siku ya tatu walikula juu ya jabali, mawimbi yakipiga chini kabisa. Wakaosha vyombo, wakapanda.

"Tupo?"

"Nipo," akasema mkewe.

"Nipo, mwanangu," akasema Bibi.

"Nipo!" akapaza Kidoti.

"Nipo," ikasema sauti nzito, kama ya mtu mwenye maji kooni, kutoka chini ya kitanda.

Fundi akaangua kicheko. "Mama nawe kwa mizaha! Haya, karibu mgeni, jisikie nyumbani. Kiti hakikosekani."

"Mwanangu," Bibi akanong'ona, "huyo si mimi."

Kwanza ikaja harufu ya samaki aliyeoza. Mapazia yakaanza kuchuruzika maji. Fundi akafungua mlango ashuke, nao ukajibamiza juu ya mkono wake wa kulia, ukafunguka, ukajibamiza tena na tena, hata vidole vikalia kama kuni kavu.

"Baba Kidoti!" mkewe akapiga kelele.

"Kiti," ikasema ile sauti. "Umeniahidi kiti."

Kidoti akanyanyuliwa kwa nywele, akapigizwa kwenye kabati alilolichonga baba yake, akapigizwa tena, damu ikamfunika uso, na mama yake akaidaka miguu midogo akavuta, na kitu asichokiona kikavuta upande wa pili, hata akahisi viungo vya mwanawe vikiachana mikononi mwake, naye hathubutu kuvuta wala kuachia.

Safari nzima Bibi alikuwa akimwachia Kidoti upande wa dirishani, akisingizia kwamba jua linamuumiza macho. Sasa akasimama.

"Mgeni, muache mtoto. Kaa kwenye kiti changu."

Kikamrusha hadi kwenye jiko, mbavu zikavunjika. Kisha mto wa kiti chake ukabonyea taratibu, maji yakachuruzika, na Kidoti akadondoka kama nguo iliyoanguka kambani.

"Twende," ikasema sauti, imetulia.

Mshonaji akajua kwamba mgeni aliyekaribishwa hatafukuzika. Lakini wenyeji wanaweza kuhama.

"Nashuka," akasema, kama siku zote. Akambeba Kidoti, aliyekuwa hajitambui, akamkokota na mama mkwe wake.

"Nashuka," Bibi akaguna.

Fundi alibaki akilitazama kabati, vitanda, miaka yake miwili. "Mgeni, gari ni lako," akasema huku analia. Kwa mkono wa kushoto akaachia breki. "Nashuka."

Gari likateremka polepole, likavuka ukingo. Ndani yake kitu kilikuwa kikipiga ngumi kwenye bati mpaka maji yalipolimeza.

"Limekwisha, mama Kidoti," Fundi akamwambia mkewe.

Mkewe alikuwa akimpangusa mtoto damu mdomoni, na ndipo alipokumbuka kwamba wameshuka wote, lakini waliosema "Nashuka" ni watatu tu.

Bibi alipona mbavu. Vidole vya Fundi viliunga vikiwa vimepinda, naye sasa hupiga randa kwa kushoto. Kidoti yuko darasa la pili. Asubuhi mwalimu anapoita majina, wenzake hujibu "Nipo"; yeye ameombwa anyooshe mkono tu, kwa sababu akijibu, darasa husikia sauti mbili.