Hodi Kabla ya Salfa

Mimi Mwanne nasema kweli: mwaka ule mume wangu alinichosha. Serikali iliporuhusu kila mtu afanye biashara, Bwanali alifungua duka hapa Makote. Tangu hapo akasahau salamu. Watu wakimwambia, "Habari za asubuhi, Baba Wema?" yeye hujibu, "Mm." Mm! Jamani!

Mwezi wa saba mikorosho yetu ishirini ilichanua. Mara ubwiri ukaingia, ule ugonjwa mweupe kama unga. Ua likipata ubwiri hukauka, na bila ua hakuna korosho. Sisi tunaishi kwa korosho. Dawa yake, salfa, tulikuwa nayo. Mashine ya kupulizia iliyokuwa nzima mwaka ule ilikuwa moja tu, ya jirani yetu Mzee Halfani.

Tulikwenda wote wawili. Bwanali hakupiga hodi. Alisimama katikati ya uwanja.

"Mzee, mashine. Naitaka kesho."

Mzee Halfani alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Haipo."

Na mashine ile pale barazani, tunaiona! Niliona aibu mpaka nikainama.

Nyumbani Bwanali akafoka, "Mzee yule ana roho mbaya!"

"Hata hukumwamkia!"

"Kwani shikamoo inatibu ubwiri?"

Siku tano zikapita. Maua yakaendelea kukauka, na bwana mkubwa kanuna.

Siku ya sita akaja Priska, bibi shamba wetu. Bwanali akamlalamikia.

Priska akamuuliza, "Mwaka jana ulipopulizia, uliwaambia majirani?"

"Ya nini? Shamba langu."

"Salfa haijui mpaka, Baba Wema. Upepo uliipeleka kwenye mapipa ya Mzee Halfani. Alimwaga maji yake yote ya mvua. Na shida ya maji hapa Newala unaijua."

Nami nilimwambia mwaka jana awaambie majirani! Akasema nina maneno mengi.

"Ukipiga hodi," Priska akaendelea, "jirani anajua kwamba unamjali. Asiyemjali mwenzake, nani atampa mashine?"

Jioni tukarudi kwa mzee.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu."

Bwanali akachuchumaa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akauliza hali ya watoto na ya shamba. Kisha akasema, "Mzee, mwaka jana niliharibu maji yako. Nisamehe."

Mzee Halfani alimtazama sana. "Zunguka nyumba zote za jirani. Waambie wafunike maji. Halafu njoo uchukue mashine."

Bwanali akapiga hodi nyumba kumi na moja. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua, tukapulizia.

Mikorosho kumi na mitatu ilizaa vizuri. Saba haikutoa hata punje.

"Ubwiri ni mbaya," Bwanali akasema, akiitazama ile saba.

"Ubwiri una dawa, na dawa ilikuwa ndani," nikamjibu. "Hii saba umeikausha wewe kwa mdomo wako."