Sikuwa Peke Yangu

"Naomba kutubu," Kiroboto alisema kwenye maiki. "Ile siki kwenye chupa ya divai niliitia mimi. Na sikuwa peke yangu..."

Wapendwa wasomaji, hapo ndipo roho yangu iliponitoka, ikapitia dirishani na kuuacha mwili mtupu kwenye benchi la wavulana.

Sikuwa peke yangu!

Na alikuwa ameniahidi hatanitaja.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mpate kuomboleza pamoja nami.

Kiroboto ni rafiki yangu wa bwenini. Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Jina alilipata kwa kuruka ukuta wa shule. Mimi wananiita Askofu, kwa kuwa nasema uongo kwa sauti ya ibada.

Jumapili iliyotangulia, siku ya meza ya Bwana, tuliona ni vyema kanisa lichangamke. Mtunza kanisa alipotoka kupiga kengele na kuacha funguo kwenye kabati, tulilifungua, tukamwaga nusu ya divai, tukajaza siki ya jikoni.

Mchungaji alipokunywa, uso ulimkunjamana kama tambara la deki. Kwaya ikasahau ubeti. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kilikatika tuliposikia nani amebebeshwa mzigo.

Mtunza kanisa. Mzee anayefagia, anayepanga vikombe, mwenye funguo za kabati.

Ujanani alikuwa mlevi wa kutupwa, mpaka akaokoka. Ushuhuda wake kanisa zima linaujua. Sasa watu wakasema ya kale yamemrudia, divai kainywa mwenyewe, akaficha kwa siki. Jumapili hii, baada ya mahubiri, angenyang'anywa funguo mbele ya wote.

Katikati ya wiki hiyo, Kiroboto akaokoka.

Jamani, ni mtihani kulala chini ya mtakatifu. Aliacha kuruka ukuta. Alirudisha vijiko vya bwalo. Aliomba mpaka kitanda kikatikisika, na mimi nikiwa chini yake, mwenye dhambi zangu zote.

"Jumapili natubu mbele ya watu," akaniambia.

"Tubu zako. Zangu ziache zilale."

"Askofu, mzee wa watu anavunjiwa heshima."

"Na mimi nitafukuzwa shule. Mama kasema nikifukuzwa tena, nisikanyage mlangoni kwake."

"Basi sitakutaja."

"Apa."

"Sisi tuliookoka hatuapi. Nikisema ndiyo, ni ndiyo."

Hiyo ndiyo "ndiyo" yake, wapendwa.

Sasa mzee alikuwa amesimama kando ya meza, funguo mkononi. Mkewe, benchi la mbele, amejifunika uso kwa leso. Mkuu wa shule kakunja mikono.

"Sikuwa peke yangu," Kiroboto akarudia, akashika maiki kwa mikono miwili.

Nikateleza chini ya benchi, nikaanza kutambaa kwa magoti.

"We Askofu, unaenda wapi?" mwenzangu akanong'ona.

"Chooni. Nyamaza."

Nilikuwa nautafuta mlango wa pembeni. Lakini kule chini ni miguu tu, na miguu haina kibao cha kukuelekeza. Nilipochomoa kichwa, nilikuta viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri ila vimechoka soli.

Viatu vya mtunza kanisa.

Aliinama. Funguo zilikuwa zikigongana mkononi mwake.

"Mwanangu," akasema polepole, "umepoteza nini?"

Sijui nini kilinipata. Hasira kwa Kiroboto, au lile neno mwanangu. Nilipaza sauti nikiwa bado nimepiga magoti.

"Kiroboto, msaliti wewe! Ndiyo, nilikuwepo. Chupa nilishika mimi, siki ukamimina wewe. Mzee hajaonja hata tone."

Hata watoto wachanga waliacha kulia wapate kusikia.

Kiroboto alinitazama, mdomo wazi.

"Askofu... nilitaka kusema sikuwa peke yangu kwa sababu Mungu alikuwa ananiona."

...

"Lakini karibu," akaongeza, akasogea kunipisha kwenye maiki.

Mke wa mzee alilia kwa sauti. Mchungaji akamshika mzee mkono, akaufumba juu ya funguo zake. Mkuu wa shule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili anione vizuri.

Nje, nilimfuata mtunza kanisa.

"Mzee, nisikudanganye. Sikutubu. Nilidhani nimeshatajwa."

"Najua. Nimekuona ukitambaa."

"Kwa hiyo haihesabiki?"

Akacheka kidogo.

"Mimi siku ile sikuingia kanisani kuokoka. Niliingia kukwepa mvua, nimelewa chakari. Mwanangu, ukishajikuta umepiga magoti, usiwe na haraka ya kuinuka."

Sikufukuzwa. Nimekabidhiwa kwake, nioshe vikombe vya meza mpaka muhula uishe. Mama nilimpigia simu mwenyewe. Nilipomaliza kumweleza, akauliza kama mzee amebaki na funguo zake.

Nikamwambia amebaki nazo.

"Basi likizo uje nyumbani," akasema.

Wapendwa, funzo ni fupi. Rafiki yako akianza kutubu, mwache amalize sentensi.

Ila mimi nashukuru sikumwacha.